Anajua kila kitu mpaka ashike kitabu: disleksia kwa mtoto mwenye akili

Mtoto wa darasa la tatu anakutajia vituo vyote vya mabasi ya mwendokasi kuanzia Kimara Mwisho hadi Kivukoni, anabishana na kaka zake kuhusu mpira kwa hoja, na anapiga hesabu ya chenji kabla konda hajaitoa mfukoni. Mpe aya moja ya kitabu ambacho hajawahi kukiona, anabadilika. Anavuta silabi moja moja, anajikuna, anaomba kwenda chooni, anakisia neno kwa kuangalia picha. Nyumbani anaitwa mvivu, na shuleni ripoti inaandikwa "ana uwezo, aongeze bidii". Maoni ya namna hiyo yakijirudia muhula hadi muhula, acha kuhimiza bidii na anza kuchunguza.

Wapo watoto wengi jijini Dar es Salaam wanaosoma polepole kwa sababu hawajafundishwa vya kutosha, na hao nao tutawagusa. Hapa tunamzungumzia hasa yule aliyefundishwa, anayeelewa, anayeuliza maswali ya kikubwa, na bado maandishi hayamtii.

Tatizo liko kwenye sauti, si kwenye macho

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno kwa usahihi na kwa kasi. Kwa watoto walio wengi, chanzo ni namna ubongo unavyozichambua sauti za lugha. Mtoto anasikia neno "bata" vizuri na anamjua bata. Kinachomshinda ni kulivunja neno hilo kuwa b-a-t-a, kuifunga kila sauti kwenye herufi yake, kisha kufanya hivyo haraka mpaka asiwe anafikiri tena. Msomaji wa kawaida akishakutana na neno mara kadhaa, hulitambua kwa kulitupia jicho tu. Mwenye disleksia amelisoma ukurasa wa tatu, akilikuta ukurasa wa tano anaanza upya kana kwamba ni geni.

Imani iliyoenea ni kwamba disleksia ni kuona herufi zimegeuka. Si kweli. Kuchanganya b na d, au kuandika namba 3 ikiwa imeangalia upande usio wake, ni jambo la kawaida kwa watoto wote mpaka kwenye miaka 7 hivi. Likiendelea baada ya hapo, liweke kwenye orodha ya mambo ya kufuatilia, lakini lisikutoshe. Kuna watoto wenye disleksia ambao hawageuzi herufi kabisa.

Tatizo hili linatembea sana kwenye familia. Watafiti hukadiria kwamba kati ya watoto 10 ambao baba au mama ana disleksia, 4 au 5 nao huwa nayo. Kwa jumla, makadirio ya kawaida ni watoto 5 hadi 10 kwa kila 100, kwa hiyo mwalimu mwenye darasa la watoto 80 anao wanne hadi wanane mbele yake, awe amewatambua au hajawatambua. Swali la ukoo basi ni la lazima, ingawa linataka busara. Usiulize nani alikuwa mjinga shuleni. Uliza nani alihangaika na kusoma ingawa kwa mambo mengine alikuwa hodari. Mara nyingi atatajwa mjomba fundi makanika anayefungua injini nzima na kuirudisha, ambaye meseji zake zote ni za sauti.

Kuhusu akili, jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa michezo, na hesabu hazikumpa shida, lakini jina lake mwenyewe aliliandika "Precy" na hakuona kosa. Mwalimu wake alisema angekuwa kijana mwerevu kuliko wote pale shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Upande wa pili nao usemwe: disleksia haimpi mtu kipaji. Zile orodha za mitandaoni za mabilionea na wanasayansi wanaodaiwa kuwa nayo zinafariji, ila zinawaacha pembeni watoto wenye disleksia na akili za kawaida, ambao ndio wengi na wanaohitaji msaada uleule.

Kiswahili kinavyolificha tatizo

Kiswahili kina vokali tano, na kila moja ina sauti ileile popote inapokaa. Ukishazijua silabi, unasoma hata neno usilolijua maana. Lugha za tabia hiyo, kama Kitaliano, Kihispania na Kifini, zimewaonyesha watafiti jambo linalojirudia: mtoto mwenye disleksia hatimaye hufika kwenye usahihi, ila kasi haiji. Mwaka 2001 kulichapishwa utafiti uliolinganisha watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha upungufu wa shughuli katika eneo lilelile la upande wa kushoto kwa makundi yote matatu.

Hapo ndipo wazazi na walimu wetu wanapopotea. Orodha nyingi za dalili zinazosambazwa kwenye simu zimetungwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza, na zinakuambia utafute makosa ya kusoma. Kwa mtoto wa Kiswahili, angalia kasi kwanza, halafu angalia anavyoandika.

Darasani napo pana maficho. Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili limejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kuitikia pamoja. Watoto themanini wakiimba "ba, be, bi, bo, bu", hakuna atakayejua nani anasoma ubao na nani anafuata sauti ya jirani. Mtoto mwenye akili ana kumbukumbu nzuri ya kusikia hadithi, kwa hiyo kitabu kikisomwa mara mbili tatu amekwishakishika chote kichwani. Mwalimu akimwita, anatiririka. Mfunike picha, au mwanzishe katikati ya ukurasa badala ya juu, uone kama atajua yuko wapi.

Barabarani ni hivyohivyo. Daladala la kwao analijua kwa rangi ya mstari wa ubavuni na kwa sauti ya konda, si kwa maandishi ya mbele. Mkiwa kituoni msichokizoea, mwombe akusomee kibao cha gari linalokuja. Ukimya wake, au jibu la haraka lisilofanana na kilichoandikwa, linakuambia mengi kuliko mtihani wa mwezi.

Ukuta unakuja darasa la tatu na la nne. Aya zinarefuka, masomo mengine yanaanza kumtaka asome ili ajue, mwalimu anaandika ubao mzima na kuufuta, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unabisha hodi. Kumbukumbu pekee haitoshi tena. Aliyekuwa wa tano anakuwa wa thelathini, na watu wanatafuta sababu nyumbani: televisheni, marafiki wabaya, mama amesafiri.

Kwa aliye shule ya mchepuo wa Kiingereza ukuta huo huja mapema, hata darasa la kwanza. Kiingereza hutumia herufi zilezile tano kubeba sauti za vokali karibu 20, na mtoto ambaye tayari ana shida ya kufunga sauti kwenye herufi huzama. Lakini hapa kuna tahadhari. Mtoto aliyetoka kwenye Kiswahili akatupwa kwenye Kiingereza atasoma vibaya hata kama ubongo wake hauna tatizo lolote. Mpime kwa Kiswahili. Disleksia huonekana katika lugha zote mbili, hata kama kwa Kiswahili inaonekana kama polepole tu.

Dalili kwa kadiri anavyokua

Kabla ya kuanza shule, angalia mdomo. Alichelewa kusema? Maneno marefu yanampinduka, "kibiriti" kinakuwa "kiribiti" na "helikopta" haitamkiki hata akiwa na miaka 5? Anasahau majina ya vitu vya kila siku na kuziba mapengo kwa "kile kidude"? Siku za wiki hazikai kwa mpangilio? Dalili moja peke yake haina uzito, kwani watoto wengi hupita hapo na kuendelea vizuri. Zikiwa tatu au nne, na kwenye ukoo kuna historia, mwalimu wa awali aambiwe mapema.

Darasa la kwanza na la pili, dalili yenye nguvu ni herufi kutokukaa. Leo anaijua "m", kesho kutwa imepotea. Anasoma "ma" na "ta" vizuri zikiwa peke yake, lakini hawezi kuziunganisha kuwa "mata". Silabi za konsonanti moja zinapita, ila akifika kwenye mb, nd, nj, ng, ng', ny, mbw na nyw anakwama. Hizo zinawasumbua watoto wote mwanzoni. Kinachomtofautisha huyu ni kwamba wenzake wanavuka kwa wiki chache naye anabaki hapohapo muhula mzima.

Darasa la tatu hadi la tano, angalia pengo. Hesabu za namba anazipata, ila za mafumbo anakosa, na ukimsomea fumbo lilelile kwa sauti anatoa jibu papo hapo. Anajibu vizuri kwa mdomo, kwenye karatasi anaandika mistari miwili. Anachagua maneno mafupi anayojua kuyaandika badala ya yale anayoyatumia kwenye mazungumzo, hivyo insha yake inafanana na ya mtoto wa miaka 6. Kunakili ubaoni kunamchukua muda mrefu kwa sababu anabeba herufi moja au mbili kila anaponyanyua kichwa, wakati jirani yake anabeba neno zima. Anarudi nyumbani amechoka kupita kiasi, na asubuhi za siku ya kusoma kwa zamu tumbo linamuuma.

Darasa la sita na kuendelea, mtoto mwerevu anakuwa ameshajifunza kujificha. Anakuwa mchekeshaji wa darasa, au mkimya kabisa. Anasoma kwa usahihi unaoridhisha lakini hamalizi karatasi ya mtihani. Mwalimu asiyempima kwa saa hatamwona.

Kumwangalia nyumbani, bila kumtisha

Majaribio yafuatayo hayathibitishi disleksia. Yanakupa ushahidi wa kwenda nao mbele. Chagua wakati ambao hajachoka, si baada ya tuisheni ya jioni, na usiyafanye yote siku moja.

La kwanza ni kulinganisha masikio na macho. Tafuta aya mbili za kiwango cha darasa lake ambazo hajawahi kuziona, kila moja ya maneno kama 100. Moja msomee wewe, umuulize maswali matano ya maana. Nyingine asome mwenyewe, umuulize matano. Akipata yote matano kwenye ya kusikiliza na mawili kwenye ya kusoma, umeliona pengo lenyewe. Akikosa kwa kiasi kilekile pande zote mbili, shida inaweza kuwa ya lugha au ya uelewa kwa ujumla, na hiyo ni njia nyingine.

La pili ni dakika moja. Weka saa ya simu, asome kwa sauti maandishi mapya, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Katika upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma uliofanyika 2013, kiwango kilichopendekezwa kwa darasa la pili kilikuwa maneno 50 kwa dakika, na watoto walio wengi hawakukifikia. Kwa hiyo namba hiyo isikutie hofu peke yake. Mlinganishe na watoto watatu au wanne wanaokaa naye darasa moja, wanaofundishwa na mwalimu yuleyule. Na usitumie majedwali ya Kimarekani: neno moja kama "hawatatuletea" linabeba kazi ya maneno manne au matano ya Kiingereza, kwa hiyo kasi ya Kiswahili kwa kuhesabu maneno siku zote itaonekana ndogo.

La tatu, ambalo ni gumu zaidi kudanganya, ni maneno yasiyo na maana. Mwandikie kwa herufi kubwa za kusomeka: sobu, tefa, vodi, bumeki, chedumi, kwasepu, nyatuvo, mbweshi, ndovaki, ng'obepu. Mwambie ni majina ya wanyama wa sayari ya mbali. Hapa kumbukumbu haimsaidii na picha hakuna; inabaki herufi na sauti tu. Mtoto wa darasa la tatu aliyefundishwa kawaida atayapita akijikwaa mara moja au mbili. Mwenye disleksia atayageuza kuwa maneno anayoyajua, "vodi" ikawa "vocha" na "sobu" ikawa "sabuni", au atayasoma kwa taabu iliyo wazi kabisa. Orodha hiyo haina l wala r, kwa makusudi, na sababu inakuja chini.

La nne halihitaji karatasi. Mwambie aseme "kalamu" bila "ka". Aseme "paka" akianza na sauti ya t. Kisha mcheze kinyume, ule mchezo wa watoto wa pwani wa kuhamisha silabi ya mwisho mbele, "nyumba" ikawa "mbanyu" na "kofia" ikawa "akofi". Watoto wa mtaani wanauzungumza kwa kasi ya ajabu. Mtoto mwerevu ambaye wenzake wanamcheka kwa sababu hauwezi mchezo huo, au ambaye kila ukianza anakimbilia mpira, anakuonyesha udhaifu wa sauti ambao kitabu kitauonyesha baadaye.

Daftari la imla linasema zaidi

Msomee mtoto sentensi kumi, aandike, usimsahihishe. Chukua mfano wa sentensi hii: "Mjomba alinunua ng'ombe wawili mnadani Pugu." Mtoto mwenye disleksia anaweza kuiandika hivi: "Mjoba alinuna gobe wawili mnadni Pugu."

Itazame polepole. Katika "mjoba" na "gobe", m iliyo mbele ya b imeanguka. Sauti hiyo ya puani imejibana na b, na sikio lake halikuitenga. Ng' imekuwa g. Kwenye "alinuna" silabi nzima imepotea, kwa sababu neno lina silabi tano na alipofika ya nne ameshapoteza hesabu. "Mnadni" imekosa vokali. Ila "wawili" na "Pugu" ziko sawa, kwani silabi zake ni wazi na fupi. Msomee sentensi hiyohiyo wiki ijayo. Kama "ng'ombe" sasa imekuwa "nobe", na wiki ya tatu "ngobe", hapo pana jambo. Mtoto aliyejifunza vibaya hurudia kosa lake lilelile. Mwenye disleksia neno halijakaa kichwani kwa sura yoyote, kwa hiyo kila siku linatoka na sura mpya.

Sasa ile l na r. Mtoto akiandika "arinunua" au "kurara", au akaandika "abari" badala ya "habari", "zahabu" badala ya "dhahabu", "mutu" badala ya "mtu", uwezekano mkubwa anaandika kama anavyosema na kama wanavyosema kwao. Hayo ni matamshi, yanatokana na lugha ya nyumbani au mtaa, na sauti zote anazozitamka ameziwakilisha. Walimu wengi huyahesabu makosa haya pamoja na yale ya kudondosha sauti, kisha mtoto mzima kabisa anaonekana ana tatizo. Yatenge. Hesabu sauti zilizopotea na silabi zilizorukwa tu.

Vitu vinavyofanana nayo

Anza na macho na masikio, siku zote. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu kimyakimya katika miaka ileile ambayo mtoto anatakiwa kujifunza kutofautisha b na p. Mtoto asiyeona ubao vizuri naye ananakili polepole, lakini huyu akipewa kitabu mkononi anasoma; mwenye disleksia anakwama pote pawili.

Selimundu isisahaulike, kwani Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi wa ugonjwa huo duniani. Mbali na siku nyingi za kukosa shule, unaweza kuleta viharusi vidogo visivyo na dalili za nje vinavyoathiri kujifunza. Malaria kali iliyopanda kichwani nayo inaweza kuacha athari. Kuna pia aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki. Anapotelea mbali kwa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea kama hakuna kitu. Akifanya hivyo mara nyingi kwa siku, anapoteza vipande vya kila sentensi. Na mtoto asiyeweza kutulia kwa jambo lolote, si kusoma tu, huenda ana tatizo la umakini, ambalo aghalabu huja pamoja na disleksia na linahitaji msaada wake peke yake.

Halafu kuna sababu isiyo ya kitabibu: hakufundishwa. Alihama shule tatu, alianzia kijijini kwa lugha nyingine, darasa halikuwa na mwalimu nusu mwaka. Njia ya kutenganisha ni kumfundisha vizuri kwa miezi 6 na kupima kila mwezi. Aliyekosa mafunzo anapanda haraka. Mwenye disleksia anapanda, lakini kwa taabu, na kasi inabaki nyuma.

Uende wapi, na usilipie nini

Kwa Dar es Salaam, macho na masikio yanaweza kuangaliwa katika hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, na ukipewa rufaa, Muhimbili. CCBRT ya Msasani inajulikana kwa huduma za macho. Baada ya hapo unahitaji mtu wa elimu: mwanasaikolojia wa elimu, au mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kwa mfano waliopitia Chuo cha Patandi kule Arusha. Wataalamu hao ni wachache, hivyo anzia kwa mwalimu mkuu, kisha uulizie afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu.

Usiende mikono mitupu. Beba madaftari matatu ya masomo tofauti, ripoti za mihula iliyopita, zile imla zako zikiwa na tarehe, na sauti ya dakika moja ya mtoto akisoma, iliyorekodiwa kwenye simu. Andika pia alianza kusema lini, aliugua nini, na nani kwenye ukoo alihangaika na kusoma. Mtaalamu mzuri atapima usomaji wa maneno, wa maneno yasiyo na maana, kasi, tahajia, uchambuzi wa sauti na uelewa wa kusikiliza, kisha atakuandikia nini kifanyike darasani. Karatasi yenye jina la tatizo bila mapendekezo haikusaidii shuleni.

Hakuna kipimo cha damu cha disleksia. Picha ya kichwa haiithibitishi, na hakuna dawa wala kidonge cha kuongeza kumbukumbu kinachoitibu. Miwani ya vioo vya rangi imekataliwa na vyama vya madaktari wa macho na wa watoto wa Marekani kwa kukosa ushahidi. Mtu akikuuzia hivyo, hata kwa lugha tamu, weka pesa yako kwa mwalimu.

Msaada unaofanya kazi

Kosa la kawaida ni kumwongezea kilekile kilichoshindwa: tuisheni ya watoto arobaini, kukaririshwa darasa, kuandika neno moja mara hamsini, au viboko. Anayehitaji kuchambua sauti hatajifunza kuchambua kwa kunakili.

Kinachofanya kazi ni dakika 20 hadi 30 kila siku, za mtu mmoja au watoto wachache, kwa mpangilio usioruka. Anza na sauti za herufi, si majina yake. Vokali tano kwanza, kisha konsonanti zinazovutika mdomoni kama m, s na n, kwa kuwa ni rahisi kuziunganisha: mmm-aaa, ma. Sauti mpya mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Aitamke huku akiichora kwenye trei ya mchanga mkavu, halafu kwenye karatasi, halafu aisome ndani ya maneno. B na d zisifundishwe wiki moja. B ikae kabisa kwanza. Mb, nd na nj zije silabi wazi zikishakuwa nyepesi, na ng, ng' na ny zije mwisho, kila moja kwa zamu yake.

Maneno marefu yana dawa yake katika Kiswahili chenyewe. Usimwache asome "hawajatuletea" silabi kwa silabi. Mwonyeshe vipande: ha-wa-ja-tu-letea. Ha ya kukataa, wa ya wao, ja ya bado, tu ya sisi, kisha kitendo. Vipande hivi ni vichache na vinajirudia kila ukurasa. Mtoto mwerevu anavipenda kwa sababu vina mantiki, na hapo akili yake inaanza kumbeba badala ya kumficha.

Kasi hujengwa kwa kurudia aya fupi ileile, maneno 50 hadi 100, mara tatu au nne, ukiandika muda wa kila mzunguko ili aone unavyopungua. Akikwama kwa sekunde tatu, mpe neno na aendelee. Na usiache kumsomea vitabu vinavyolingana na akili yake, kwa sababu asipovisikia, msamiati wake utabaki nyuma, na hilo litakuwa tatizo la pili.

Darasani, mwombe mwalimu mambo machache yanayotekelezeka hata kwenye darasa lililojaa: asimsimamishe kusoma kwa ghafla, amruhusu apige picha ubao au apewe daftari la mwenzake, amsomee maswali, na kwenye masomo yasiyo ya lugha asimkate alama kwa tahajia. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ukiwemo muda wa ziada, lakini maombi hupitia shuleni. Mwone mwalimu mkuu mwanzoni kabisa mwa mwaka wa mtihani, kabla ya usajili, ukiwa na ripoti ya mtaalamu na nakala ya barua yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Mtoto mwenyewe aambiwe. Kufikia miaka 8 ameshajiona mjinga, na ukimya wenu anausoma kuwa mnakubaliana naye. Mwambie kwa lugha nyepesi kwamba ubongo wake unaelewa haraka ila unachelewa kuunganisha herufi na sauti, kwamba hali hii ina jina, na kwamba kesho saa kumi na moja jioni mnaanza na "mb".